Ununue kompyuta iliyokamilika au uunde mwenyewe? Mwongozo wa kuamua kabla hujatoa pesa

Swali hili naulizwa kila mara: na kijana anayeanza kuhariri video, na mama mwenye steshenari, na mwanafunzi wa usanifu majengo. "Nina pesa kiasi hiki, ninunue kompyuta iliyokamilika au ninunue vifaa niunganishe?" Muulizaji hutaka jibu la neno moja, na neno hilo halipo. Njia ya kulifikia jibu ipo lakini, nayo inahitaji jioni moja ya kukaa na daftari na siku moja ya kuzunguka madukani.

Naandika nikiwa Dar es Salaam, kwa hiyo nikisema sokoni nina maana ya Kariakoo. Aliye Nairobi aweke hapo Luthuli Avenue na Moi Avenue. Miongozo mingi ya Marekani na Ulaya inazungumzia njia mbili tu, lakini huku kwetu njia ni tatu: mpya iliyokamilika, ya kuunda mwenyewe, na ile ya ofisi iliyotumika Ulaya ikaletwa huku kwa makontena, yaani Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, Lenovo ThinkCentre. Wengi wanaoniuliza huwa nawaelekeza kwenye hiyo ya tatu, na sababu zake utaziona mbele.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Daftari, na kiasi cha pesa ulichonacho mkononi. Usiweke pesa unayotarajia kupata.
- Orodha ya programu utakazotumia, kwa majina.
- Flashi yenye CPU-Z, GPU-Z na CrystalDiskInfo, programu za kukagua vifaa vya ndani ya kompyuta. Zote tatu ni za bure, na zipo za kuwashwa moja kwa moja kwenye flashi bila kusakinisha.
- Bisibisi ya nyota ya ukubwa wa kati, ikiwezekana yenye sumaku.
- Nafasi ya siku nzima. Ukienda Kariakoo saa kumi jioni utanunua kwa haraka, na haraka ndiyo inayowaliza watu.

Hatua ya 1: Andika kazi, usiandike sifa

Usianze na "nataka Core i7". Anza na "nachapa barua, naprinti, natunza hesabu za duka", au "nahariri video za harusi", au "nachora kwa AutoCAD na Revit". Mbele ya kila programu andika kiwango cha chini na kiwango kinachopendekezwa na watengenezaji wake. Vyote viko kwenye tovuti zao. Lenga kile kinachopendekezwa.

Baada ya hapo jiulize jambo moja tu: je, kazi hii inahitaji kadi ya grafiki ya kujitegemea, yaani kifaa cha pekee cha kuchora picha za skrini? Kuchapa, hesabu, intaneti, kufundisha mtandaoni, Photoshop ya kawaida: haihitaji. Michezo mizito, uhariri wa video kwa wingi, 3D: inahitaji. Jibu hili litaamua zaidi ya nusu ya safari yako.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya meza nzima

Watu hulinganisha bei ya keisi na bei ya keisi, wakifika nyumbani wanakuta hawana monita. Andika kila kitu: monita, kibodi, mausi, spika au hedifoni, kifaa cha Wi-Fi (mazabodi, yaani ubao mkuu unaobeba vifaa vyote, nyingi za bei nafuu hazina), leseni ya Windows na UPS, ile betri ya akiba ya umeme.

UPS usiifute kwenye orodha. Tanzania umeme wa nyumbani ni volti 230, lakini ukikatika na kurudi ghafla hauji kwa adabu. Ukiwa na laptopu, betri inakusitiri. Kompyuta ya mezani haina kinga hiyo: ukikatika umeme katikati ya kazi, faili limekwenda, na siku nyingine SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) inakwenda nalo.

Jumla ya vitu hivi uitoe kwenye pesa yako kwanza. Kinachobaki ndicho cha kompyuta yenyewe. Wengi wakifika hapa hugundua kwamba pesa ya kuunda haipo, na ni afadhali wagundue kwenye daftari.

Hatua ya 3: Jipime uko kundi gani

Kazi yako haihitaji kadi ya grafiki: nunua ya ofisi iliyotumika, yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel kizazi cha 8 au zaidi; vizazi nitavieleza hatua ya 4. Sioni sababu ya kuunda. Mashine hizi zilijengwa zifanye kazi kutwa, miaka mingi, na bei yake huwezi kuifikia kwa vifaa vipya. Tena tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na SSD zimepanda dunia nzima, kwa sababu viwanda vinaelekeza chipu kwenye seva za akili bandia. Mashine iliyotumika inakuja na RAM yake ndani tayari.

Unanunulia ofisi, shule au taasisi, mashine tano au kumi kwa mkupuo: nunua mpya zilizokamilika, kwa muuzaji anayetoa risiti ya EFD na waranti ya maandishi. Hapa unacholipia ni kuwa na mtu mmoja wa kumpigia simu mashine ikisumbua.

Unahitaji kadi ya grafiki, na unataka kuongeza nguvu kidogo kidogo kadiri pesa inavyopatikana: unda. Kuunda kuna faida moja kubwa ambayo watu wetu hawaitilii maanani: vipimo ni vya kawaida duniani kote. Pawasaplai (boksi linalogawa umeme ndani ya keisi) ikifa mwaka wa tatu, unanunua nyingine dukani, unafunga, unaendelea. Kwenye Dell au HP ya ofisi unaanza kuitafuta pawasaplai ya modeli hiyohiyo.

Lipo na kundi la kati: unahitaji kadi ndogo, pesa ni kidogo. Kwako njia ipo pia. Isome hatua ya 4 kwa makini, hasa mambo ya keisi.

Hatua ya 4: Ukichagua iliyotumika, ikague hivi

Utakaribishwa na winga, yule anayevutia wateja kwa ajili ya maduka. "Bosi wangu, hii ni i7, chuma cha Uingereza, haijaguswa." Msikilize kwa heshima, naye yuko kazini. Kisha uliza: i7 ya kizazi cha ngapi?

Namba baada ya kistari ndiyo inayosema kweli. i7-2600 ni kizazi cha 2, ya mwaka 2011. i5-6500 ni kizazi cha 6. i5-8500 ni kizazi cha 8, ya mwaka 2018, ina koa (viini vya kufanyia kazi) 6. i3-12100 ni kizazi cha 12, na pamoja na kuitwa i3 inaiacha mbali ile i7-2600. Jina la i7 peke yake halikuambii kitu.

Kwa nini nasisitiza kizazi cha 8? Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel kizazi cha 8 au zaidi (kwa prosesa za AMD, nyingi za Ryzen 2000 na kuendelea) pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Zipo njia za mkato za kuiingiza kwenye mashine za zamani, lakini kwa mtu anayeanza sizishauri. Kwa majina: OptiPlex 3060, 5060 na 7060 zinaanzia kizazi cha 8, EliteDesk 800 G4 vilevile, na ThinkCentre M920. OptiPlex 7050 na EliteDesk 800 G3 ni za kizazi cha 6 na 7, ziache hata kama bei inavutia.

Omba mfuniko ufunguliwe. Muuzaji mkweli hatakataa. Weka tochi ya simu uangalie mambo haya: vumbi lililogandamana kwenye feni ya prosesa, kapasita (vikopo vidogo vya umeme kwenye mazabodi) zilizovimba kichwani, na kutu. Kutu iangalie kwenye vichwa vya skrubu na kwenye bati la nyuma panapochomekwa nyaya. Pwani chumvi haina huruma, na mashine iliyokaa miezi kwenye stoo isiyo na hewa huanza kuonyesha madoa ya rangi ya chai hapo kabla ya sehemu nyingine yoyote. Ukiyaona hapo, angalia na miguu ya dhahabu ya RAM. Kama nayo ina madoa, funga mfuniko, shukuru, ondoka.

Kisha iwashwe. Bonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo, uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine kabla ya Windows. Ikidai nenosiri, usinunue. Mashine za makampuni wakati mwingine hufungwa na mwenye nazo wa kwanza, na kufungua kufuli hilo si kazi ya kufanyia majaribio kwa pesa yako.

Ikiingia Windows, chomeka flashi yako. CPU-Z itakuonyesha prosesa na RAM za kweli. CrystalDiskInfo itakuonyesha afya ya diski na saa ilizofanya kazi. Diski ya kuzunguka yenye saa 30,000 ihesabu kama zawadi. Tenga pesa ya SSD mpya.

Sasa keisi. Modeli moja huja kwa maumbo matatu: ile kubwa inayosimama, ile nyembamba, na ile ndogo kama kitabu. Ndogo kwa kawaida haiwekwi kadi ya grafiki. Nyembamba inakubali kadi fupi pekee, zile za nusu kimo, nazo ni chache na bei yake iko juu. Ukiwa na wazo lolote la kuweka kadi baadaye, nunua kubwa. Hata humo, pawasaplai ya ofisi mara nyingi ni ndogo na haina waya wa ziada wa kadi, kwa hiyo chagua kadi inayokula umeme wa slot (tundu la mazabodi inapochomekwa) peke yake, usiozidi wati 75. Kadi za GTX 1650 nyingi ziko humo, lakini baadhi zina tundu la waya wa ziada, angalia kabla ya kulipa.

Kosa la kawaida hapa: "nitanunua OptiPlex, nibadilishe pawasaplai baadaye." Fungua uone. Mazabodi ya kawaida ina soketi ya umeme ya pini 24. Hizi za ofisi mara nyingi zina soketi ndogo, ya pini 6 au 8, na pawasaplai ya dukani haiingii bila adapta.

Hatua ya 5: Ukichagua kuunda, panga orodha kwenye karatasi kwanza

Usinunue hata skrubu kabla orodha haijakamilika. Mpangilio wangu ni huu:

Kadi ya grafiki, kwa sababu ndiyo iliyokufanya uunde. Kwa michezo, theluthi moja ya pesa ya kompyuta yenyewe au zaidi kidogo iende hapo.

Prosesa. Angalia herufi ya mwisho. Intel yenye F, kama i5-12400F, haina grafiki ya ndani. Ryzen 5 5600 haina pia, wakati 5600G inayo. Kompyuta ya kwanza niliyoiunda ilikuwa ya mpwa wangu. Nilichukua yenye F kwa sababu ilikuwa rahisi, nikasema kadi tutanunua mwezi ujao. Feni zikazunguka, taa zikawaka, monita ikaandika hakuna mawimbi. Kijana akakaa mwezi mzima anaitazama. Kama kadi itachelewa, nunua prosesa yenye grafiki ndani.

Mazabodi. Lazima ikubaliane na prosesa. Ryzen 5 5600 inakaa kwenye soketi ya AM4. Ryzen 7000 na 9000 za mezani zinakaa kwenye AM5, inayotumia RAM ya aina ya DDR5 pekee. Intel kizazi cha 12 hadi 14 zinakaa kwenye LGA1700, ambako kuna mazabodi za DDR4 na za DDR5, na RAM ya moja haiingii kwenye nyingine. Ukinunua mazabodi ya B450 iliyokaa dukani muda mrefu, uliza kama BIOS yake imesasishwa kupokea Ryzen 5000; isiposasishwa, haiwaki.

RAM: GB 16 kwa vipande viwili vya 8. Kwa video na 3D, 32.

SSD: ya NVMe (inayochomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi), GB 500 kwenda juu.

Pawasaplai. Jumlisha. Ryzen 5 5600 imepimwa wati 65, kadi ya RTX 3060 wati 170, vingine vyote ongeza 60 hivi. Unapata kama 300. Nunua ya wati 550 yenye cheti cha 80 Plus (cha kutopoteza umeme mwingi), kutoka kampuni inayojulikana. Hapa watu hubana pesa, na mimi nakuomba usibane hapa. Pawasaplai ya bure inayokuja ndani ya keisi ya bei chee, iliyoandikwa wati 500 na ni nyepesi kama boksi tupu, ikiungua huwa haiungui peke yake.

Keisi mwishoni kabisa. Chagua yenye uso wa wavu unaopitisha hewa. Kioo cha mbele kinapendeza, ila kwenye chumba cha nyuzi 32 kisicho na kiyoyozi utajuta.

Ukimaliza, jumlisha bei ulizopewa sokoni siku hiyohiyo na uweke pembeni bei ya mashine iliyokamilika yenye kadi ileile. Kama iliyokamilika imezidi kidogo tu, na inakuja na waranti ya maandishi, inunue bila kuona haya. Kabla ya hapo uliza jina la pawasaplai na idadi ya vipande vya RAM, maana ndipo waunganishaji wanapopunguza.

Hatua ya 6: Nunua kwa siku moja, jaribu kwa wiki moja

Nunua vyote kwa pamoja. Ukinunua mazabodi Januari na prosesa Mei, siku unayogundua mazabodi ni mbovu muda wa kurudisha umeshapita. Dai risiti, na muuzaji aandike juu yake namba ya kifaa na siku za waranti. Ndugu akikuletea kadi kutoka Dubai, bei inaweza kuwa nzuri, lakini waranti inabaki Dubai.

Kadi za grafiki zilizotumika zina hatari yake. Zinauzwa kadi zenye jina la GTX 1050 Ti, na chipu ya ndani ni ya zamani zaidi. GPU-Z huzitambua nyingi na kuandika FAKE mbele ya jina. Usilipe kabla hujaiona ikifanya kazi.

Hatua ya 7: Unganisha

1. Tandika kadibodi ya boksi la mazabodi mezani. Shika bati la keisi kwanza kutoa umeme tuli mwilini, na urudie kila baada ya muda.
2. Weka prosesa kwa kulinganisha pembetatu ndogo ya kona na ya soketi. Inaingia kwa uzito wake. Ukijikuta unasukuma, simama.
3. Kwenye mazabodi yenye nafasi nne, RAM mbili huwekwa kwenye nafasi ya 2 na ya 4 ukihesabu kutoka kwa prosesa. Sukuma hadi usikie mlio wa kufunga.
4. SSD, kisha feni ya prosesa. Bandua karatasi ya plastiki chini ya feni kama ipo.
5. Funga vijiti vya shaba kwenye keisi palipo na matundu ya mazabodi, si pengine. Kijiti kilichozidi hugusa mgongo wa mazabodi na kuleta shoti.
6. Mazabodi ndani, nyaya za pini 24, na ule wa pini 8 wa prosesa juu kushoto. Huu wa pili ndio husahaulika zaidi kuliko wote.
7. Kadi ya grafiki na waya wake. Monita ichomekwe kwenye kadi, siyo kwenye mazabodi.

Onyo kabla ya kuchomeka ukutani: geuza pawasaplai uangalie kama ina swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Nyingi za kisasa hazina, zinajirekebisha zenyewe. Kama ipo, lazima ionyeshe 230. Ikiwa kwenye 115 ukawasha kwa umeme wetu, utasikia mlio mmoja na harufu.

Ikigoma

*Haiwaki kabisa, hakuna feni.* Swichi ya nyuma ya pawasaplai iko upande wa I? Waya mdogo wa kitufe cha kuwashia uko kwenye pini zake? Kitabu cha mazabodi kina mchoro.

*Feni zinazunguka, skrini nyeusi.* Angalia monita imechomekwa wapi. Kisha waya wa pini 8 wa prosesa. Kisha toa RAM zote, rudisha kipande kimoja nafasi ya 2. Kwenye AM5 yenye DDR5, mara ya kwanza mashine inaweza kukaa giza dakika kadhaa ikijipima RAM. Usiizime.

*Inawaka na kuzima baada ya sekunde au dakika.* Mara nyingi feni ya prosesa haijakaa sawa. Ifungue, futa pesti ya zamani ya kupitisha joto kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya choroko, funga skrubu kwa zamu za kona kwa kona.

*Mashine ya ofisi inalia milio kwa mpangilio, au taa inamweka.* Hesabu milio au mimweko hiyo, tafuta maana yake kwenye kitabu cha modeli husika kwenye tovuti ya mtengenezaji. Mara nyingi ni RAM iliyolegea safarini.

*Inajizima ukifungua mchezo au ukianza kutoa video uliyohariri (export).* Shuku pawasaplai kabla ya kushuku kadi. Azima nyingine kubwa kwa rafiki, jaribu nayo. Kama iko ndani ya waranti, irudishe na risiti yake, na usiifungue, hata kama fundi wa jirani anasema ni kapasita moja tu. Ndani yake umeme hubaki hata baada ya kuchomoa waya.